Dada, nilipiga makofi, lakini si kwa sababu sikuumia

Dada yangu,

Huu ni mwaka wa pili hatuongei zaidi ya salamu. Nikipiga simu uko kazini. Nikituma ujumbe unajibu "asante, nawe pia", hata pale ambapo sikukutakia chochote. Nimeona niandike hapa, maana najua huwa unapita hapa usiku ukikosa usingizi. Na usingizi wewe ulikukimbia tangu utotoni.

Nianze na mikono yangu. Unajua nasema nini.

Tulisimama kando ya kaburi, wewe kushoto kwangu. Kwaya ikaanzisha lile pambio alilopenda mama. Nikapiga makofi. Sikupanga, mikono ilikwenda yenyewe. La kwanza likalia, la pili likalia, la tatu halikulia, kwa kuwa ulinikamata mikono yote miwili ukaishusha kwa nguvu, ukaishikilia chini mbele ya watu wote mpaka pambio likaisha. Pete yako iliniachia alama. Jioni nikiosha vyombo bado nilikuwa naiona, nyekundu, kama mwezi mchanga. Na ulininong'oneza, "Huna hata aibu. Huyu anayefukiwa ni mama."

Nilijua ni mama, dada! Nani alikuwa akimgeuza saa tisa za usiku asipate vidonda vya mgongo? Mchana ulikuwa wako, usiku ulikuwa wangu, miezi minne. Hukuwahi kuniuliza usiku ule ulikuwaje.

Umewaambia ndugu kwamba mimi wokovu umenifanya sisikii uchungu. Hilo ndilo limenikaa kooni. Soma tena Matendo 16, taratibu. Paulo na Sila wamepigwa kwa bakora, miguu imefungwa kwenye mkatale, na usiku wa manane wanaomba na kumwimbia Mungu, wafungwa wengine wakiwasikiliza. Sasa shuka mpaka mstari wa 33. Mlinzi wa gereza anawaosha mapigo yao baadaye, tetemeko likiwa limeshapita. Maana yake waliimba migongo ikiwa haijaoshwa. Hakuna aliyewaambia wasubiri wapone kwanza.

Na Paulo huyohuyo, akiwa kifungoni tena, ndiye aliyewaandikia watu wa mji ule ule, Wafilipi, wafurahi katika Bwana siku zote. Watu wanaipenda sana sura ya 4, wanairuka ya 2, pale anaposema Epafrodito aliugua karibu na kufa, na kwamba Mungu alimhurumia yeye Paulo pia, asiwe na huzuni juu ya huzuni. Kwa hiyo huzuni ya kwanza alikuwa nayo tayari, na hakuificha. Yote mawili yako kwenye barua moja fupi. Mimi siku ile nilikuwa nayo yote mawili kwenye mikono hii uliyoikamata.

Lakini na wewe una lako juu yangu. Nalijua.

Ni asubuhi ile ulipokuwa unakamua gauni la mama la kulalia. Daktari alikuwa ameshatuambia. Mimi nikasimama mlangoni na Biblia yangu kwapani nikakwambia, "Hesabu ya kuwa ni furaha tupu." Hukugeuka. Ukakamua mpaka maji yakaacha kudondoka, na bado ukaendelea kukamua, gauni kavu, vidole vimekuwa vyeupe. Nami nikaondoka nikiona nimehudumu.

Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa sababu waliona mateso yake ni makuu mno. Walipoanza kuongea ndipo walipoharibu. Mimi sikukaa nawe hata dakika saba. Yakobo hakuandika maneno yale ya furaha tupu yatupwe kutoka mlangoni. Nisamehe kwa hilo. Ila uelewe nilikuwa natoka zamu yangu, sijalala, na nadhani mstari ule nilikuwa najisomea mwenyewe kwa sauti. Aliyekuwa karibu wa kunisikia ulikuwa wewe. Ningemwambia nani mwingine?

Unisikilize kidogo, halafu utakasirika vizuri. Usiache kusali eti kwa sababu huna sauti ya furaha. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina mstari wa kufariji mwishoni, na bado imo kwenye Biblia, na ni sala. Yesu alilia machozi akijua kabisa kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini. Hukukosea kulia. Ulikosea kudhani anayeimba hajalia.

Baada ya mazishi mwili wangu uliendelea kuamka saa tisa. Nilikuwa naketi kitandani nikitafuta wa kumgeuza. Miezi mingi ilikuwa kilio tu, dada, kilio kisicho na maneno hata ya kuomba. Halafu usiku mmoja nikajikuta naimba lile pambio, kwa chini, ubeti wa pili nikiwa nimeshaupita bila kujua nimeanza lini. Hakuna kilichokuwa kimebadilika. Kazi nilikuwa nimepoteza, na wewe ulikuwa hupokei simu. Lakini kifua kilikuwa chepesi, nikajua siko peke yangu mle chumbani. Hiyo ndiyo furaha ninayoisema. Sikuitengeneza mimi, na wala sitaomba radhi kwa ajili yake.

Nina ombi. Biblia ya mama ulikwenda nayo wewe, na siku ile kwa hasira za mikono sikusema kitu. Wiki yake ya mwisho alitaka nimsomee Habakuki, sura ya 3. Nikamsomea mtini usiochanua, zizi lisilo na kundi, hadi pale nabii anaposema walakini nitamfurahia Bwana. Akaomba kalamu nyekundu. Taa nilikuwa nimeifinika, mkono wake unatetemeka, nikaona tu kalamu ikitembea.

Fungua, unitumie picha. Nataka kujua kama aliupigia alama mstari wa 17 pia, ule wa mtini, au ule wa 18 peke yake.

Mdogo wako