Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kisumu: watafiti wa tiba ya mzazi na mtoto wakija, watu wetu wafunzwe pamoja nao

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Nyalenda. Mimi ni mwalimu wa chekechea, nafunza PP1, watoto wa miaka minne, na wengine wanaletwa hata kabla hawajaifikisha hiyo minne manake mama anaenda soko na nyumbani hakuna wa kumwachia. Nimekuandikia wewe wa afya, mwenzako wa elimu nitampelekea kopi, kwa sababu shida yenyewe naiona darasani lakini dawa yake iko upande wa ofisi yako.

Kila mwaka darasa likijaa hakukosi mtoto mmoja ama wawili wa kuuma wenzake, kurusha viti, ukimwambia keti anakutazama machoni na anaendelea tu na yake. Siongei juu ya utundu wa kawaida, huo kila mtoto yuko nao, naongea juu ya mtoto ambaye saa nne haijafika na tayari masomo yamesimama sababu yake. Sai niko na kijana mmoja, aliletwa kwangu baada ya shule mbili za kibinafsi kumrudisha nyumbani. Siku moja alimuuma mwenzake mkono ndio aachilie penseli, nikamuita mamake, mama akafika na aproni ya kuuza samaki bado ameivaa, hajasalimia mtu, akavua patipati akaanza kumchapa nayo mbele ya darasa zima. Kijana hakulia. Alisimama tu akangoja iishe. Aliyelia ni mama, alikalia kile kiti kidogo cha watoto akaniuliza, mwalimu nifanye nini tena, nimechapa mpaka nimechoka.

Sheria tunazijua. Katiba ya 2010 kifungu cha 29 imekataza adhabu ya viboko, sheria ya elimu ya msingi ya 2013 ikatukataza sisi walimu, halafu Sheria ya Watoto ya 2022 ikaja ikakaza zaidi. Na mimi nakubaliana nazo zote, sijawahi kuona mtoto amechapwa akawa mpole mwezi mzima. Lakini mama alinyang'anywa kiboko akaachwa mikono mitupu. Asipochapa anaambiwa mchelea mwana kulia hulia yeye, mtoto akiharibika anaambiwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, methali zote mbili zinamwangukia yeye, na hakuna hata siku moja mtu ameketi naye chini akamwonyesha afanye nini hiyo dakika mtoto amejitupa sakafuni anapiga nduru na majirani wanachungulia.

Na hiyo kazi ya kuketi na mzazi ukamwonyesha, iko. Inaitwa PCIT, ni tiba ya mzazi na mtoto wakiwa pamoja, ilianzishwa Marekani miaka ya 1970 na mwanasaikolojia Sheila Eyberg, na ni ya watoto wa miaka 2 hadi 7 wenye shida za tabia. Kile kilinivuta ni kwamba mtoto hapelekwi peke yake kwa mshauri halafu mama angoje nje kwa benchi. Anayefunzwa ni mama, na anafunzwa mtoto akiwa hapo hapo mbele yake.

Inaenda hivi. Mama na mtoto wanaingia chumba chenye vitu vichache vya kuchezea, wanakaa chini, mtaalamu yuko chumba cha pili nyuma ya kioo, yeye anawaona wao hawamwoni, na mama ameweka kifaa kidogo sikioni. Mtoto akimpatia mama kigari polepole bila kukirusha, mtaalamu anamwambia mama sikioni, mshukuru kwa vile amekupatia polepole, mama anasema, mtoto anainua kichwa kuangalia kama ni yeye anaambiwa. Mtoto akisema hii ni matatu, mama anarudia, eeh, hiyo ni matatu. Akichora mstari, mama naye anachora mstari. Kwa hii awamu ya kwanza mtoto ndiye anaongoza mchezo, na mama anatakiwa akae mbali na maswali, amri na kukosoa, na wewe Mheshimiwa jaribu tu na mtoto yeyote wa kwenu uone vile ni ngumu, manake sisi watu wazima tukikaa na mtoto kazi yetu ni kuuliza hii ni rangi gani na kusema wacha hiyo.

Na hautoki awamu hiyo eti kwa sababu wiki zimeisha. Mama anahesabiwa. Kwa dakika 5 lazima atoe sifa 10 zenye kutaja kile mtoto amefanya, arudie maneno ya mtoto mara 10, aeleze kile mtoto anafanya mara 10, na hayo maswali, amri na kukosoa vyote pamoja visizidi 3. Akishindwa leo anarudi wiki ijayo. Nyumbani anafanya mazoezi dakika 5 kila siku, na dakika 5 hata mama wa soko anazo.

Awamu ya pili ndio ya nidhamu. Mama anafunzwa kutoa amri moja kwa wakati, fupi, inayosema fanya hivi badala ya usifanye vile, halafu anangoja sekunde 5 kimya. Mtoto akitii anasifiwa papo hapo. Asipotii anaonywa mara moja, akikaidi tena anapelekwa kiti cha kutulia dakika 3 na sekunde 5 za kunyamaza, kisha anarudishwa kwa amri ile ile aliyoikataa, aitimize. Hakuna kofi, hakuna matusi, na hakuna ile ya ngoja baba yako akuje.

Hii haikuanza jana na si maneno matupu. Mwaka wa 2004 Mark Chaffin na wenzake walichapisha utafiti kutoka Oklahoma wa wazazi 110 ambao walikuwa tayari wameripotiwa kwa kuumiza watoto wao. Wale walipitia PCIT, asilimia 19 waliripotiwa tena kwa kuumiza mtoto, na wale waliwekwa kwa madarasa ya kawaida ya malezi walikuwa asilimia 49. Ukisoma hiyo ndio unaelewa kwa nini sitaki tena mikutano ya kuambia wazazi wapende watoto wao. Wanawapenda. Yule mama wa patipati anampenda kijana wake, ni mkono tu haujui kitu kingine cha kufanya.

Sasa nifike kwa ile imenifanya niandike. Kusomea hii tiba si semina ya siku moja kwa hoteli halafu cheti. Ni masaa 40 ya kuanzia, kisha karibu mwaka mzima unafanya kazi na familia huku mkufunzi anakufuatilia, mpaka umalize angalau kesi mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Na chama chao, PCIT International, kinataka uwe umesoma hadi uzamili wa mambo ya afya ya akili ama kiwango kinacholingana na hicho. Hapo angalia mwenyewe nani anafungiwa nje. Muuguzi wa zahanati ambaye amezalisha nusu ya hawa watoto wangu hayuko. CHP, yule mhudumu wa afya wa jamii anayejua kila mlango wa mtaa, hayuko. Mimi niliye na hao watoto siku tano kwa wiki siko. Wanaoweza kufunzwa kwa urahisi ni watafiti na wanafunzi wa vyuo vikuu, na mtafiti si mbaya, lakini mtafiti ana ruzuku, ruzuku ikiisha anafunga faili, anaandika makala yake na kuhama, na hayo masaa 40 yanahama na yeye.

Kisumu ni mji wa utafiti, hiyo unaijua kuliko mimi. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, iko Kisian, Chuo Kikuu cha Maseno kiko na shule ya udaktari, na JOOTRH, hospitali kubwa ya rufaa tunayoiita Russia, kila siku kuna utafiti. Malaria na ukimwi tumesaidika sana kwa hizo kazi na nashukuru kwa roho yote. Lakini pia tumeona ile nyingine. Kuna mradi mmoja wa malezi, sitautaja jina, ulikuja mtaani, akina mama wakaulizwa maswali kutoka asubuhi hadi saa saba wakapewa soda na nauli, na mpaka leo hakuna aliyerudi kuwaambia majibu yao yalionyesha nini. Mmoja wao aliniuliza kama alifeli. Alikuwa anafikiri ndio maana hawakurudi.

Na usiambiwe watu wa kawaida hawawezi hii kazi. Hapa hapa magharibi mradi wa Msingi Bora, matokeo yake yalitoka kwa jarida la Lancet Global Health mwaka 2021, ulifanyiwa utafiti kwa vijiji 60, vingine vikiwa vya kulinganisha, na ulitumia wahudumu wa afya wa jamii kufunza wazazi wa watoto wa miezi 6 hadi 24 namna ya kucheza na kuongea nao, na akili na lugha ya watoto ikapanda. Eldoret nako kuna Tuko Pamoja, washauri ambao hawana digrii za saikolojia walifunzwa kushughulikia familia zenye ugomvi ndani ya nyumba. Shida ni kwamba Msingi Bora inaishia miaka miwili, na kuuma na kurusha viti ndio kunachachia hapo.

Mheshimiwa, mtafiti hata akiwa na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, bado anabisha kaunti kabla ya kuanza. Hapo ndio uko na nguvu. Yeyote anayeleta PCIT Kisumu, awe anakuja kusomea ama kusomesha, mwambie kwanza anaketi na nani wa kaunti darasani. Nataka angalau mwanasaikolojia mmoja ama wawili walioajiriwa na kaunti, wale wana hizo digrii, wafanye masaa 40 yale yale na wamalize familia zao kabisa, kwa sababu hiyo hiyo PCIT International ina ngazi ya mkufunzi wa ndani, mtu akishaidhinishwa anaweza kuomba afike hapo na afunze wenzake wa kazini kwake. Tukiwa na mmoja wa namna hiyo mwenye kaunti ndio inamlipa mshahara, mradi ukifungwa yeye anabaki. Na hao wauguzi na CHP ambao hawatapata cheti wafunzwe zile mbinu za awamu ya kwanza, kusifu kwa kutaja kitendo, kurudia, kueleza, hazihitaji digrii. Walimu pia, kuna namna yake ya darasani ambayo mwalimu ndiye anafunzwa badala ya mzazi. Afya iko kwa kaunti na chekechea iko kwa kaunti, Katiba iliwapatia nyinyi zote mbili, hamhitaji kungoja Nairobi.

Wakifunzwa wasiibebe vile iko Marekani wakaishusha hapa nzima nzima. Kule kwao wenyewe, San Diego, Kristen McCabe na May Yeh waliifanyia marekebisho kwa ajili ya familia zenye asili ya Mexico, na moja ya vitu walifanya ni kuileta kama mafunzo ya malezi badala ya matibabu ya akili. Hiyo sisi tunaihitaji sana, manake mama akisikia kliniki ya akili hatarudi, atasema mtoto wake si mwendawazimu, na majirani watasema vingine.

Halafu hiyo ya kiti. Njoo Nyalenda uingie nyumba ya chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia, jiko kando ya mlango, watoto wanne, na uniambie kiti cha kutulia kinakaa wapi mtoto asiguse sufuria ya moto na asichekeshwe na ndugu zake. Mimi nafikiri inawezekana, pengine ni mkeka kwa kona moja, lakini lazima mtu aliyeingia hizo nyumba akae na hao wataalamu wapange, isije ikawa mama anaambiwa kitu kizuri kliniki na akifika nyumbani hakiingii. Na sauti iliyo sikioni iongee lugha ya mama, Dholuo kwa mwenye Dholuo, Kiluhya kwa mwenye Kiluhya, kwa sababu kwa ile sekunde mtoto amenyanyua mkono agonge hakuna wakati wa kutafsiri kichwani.

Kioo kikikosekana isiwe kisingizio. Hii tiba imeshafanywa kwa njia ya video, mtaalamu akiwa mbali na familia ikiwa nyumbani kwao, kwa hivyo simu moja inayoonyesha picha na earphone ya kuweka sikioni zinaweza kuanza kazi tukingoja chumba kinachofaa. Kitu cha kuogopa zaidi ni familia kuacha katikati, hata huko Marekani wengi huacha, na hapa mtu anapoteza siku ya biashara na nauli ya tuktuk kila wiki. Mama wa omena ukimwambia saa tatu asubuhi hatakuja, na Jumapili wako soko la Kibuye. Mpange jioni, na mpange karibu na wanapoishi.

Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Naomba hii kitu iandikwe humo kwa jina lake, chumba kimoja kwa hospitali ambayo akina mama wanaweza kuifikia kwa miguu, na nafasi za mafunzo kwa watu wa kaunti, ndio mtafiti akija na ruzuku yake akute mahali pa kuingilia. Ukitupatia siku tutakuja na akina mama wenyewe wakueleze, yule wa patipati amekubali kuja. Ikiwezekana iwe baada ya saa kumi na moja, kabla ya hapo wako soko.

Mwalimu wa PP1,
Nyalenda, Kisumu