Pimeni presha ya mafuta kabla ya kununua sensa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo linalowamalizia fedha wenye pikapu za petroli, hasa wale wanaobeba mizigo katika barabara zenye milima kama hii yetu ya kutoka Mikumi kuja Iringa kupitia Kitonga. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, gari hupelekwa kupimwa kwa mashine, mashine husoma msimbo P0171, yaani mafuta ni pungufu kuliko hewa, na hata injini haijapoa mwenye gari ameshaandikiwa karatasi ya kwenda dukani kununua sensa ya oksijeni. Akirudi nayo inafungwa, msimbo unafutwa, taa inazimika, analipa na kuondoka akiwa na furaha. Baada ya siku chache taa inawaka tena, na safari hii anaambiwa anunue kitu kingine.

Msimbo huo hautaji kifaa chochote kilichoharibika. Petroli huungua kikamilifu pale kilo 14.7 za hewa zinapochanganyika na kilo 1 ya mafuta. Sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye ekzosi hupima oksijeni iliyobaki baada ya moto kuwaka, na ikiona imezidi, kompyuta ya injini huelewa kwamba mafuta ni pungufu, hivyo huziacha nozeli wazi kwa muda mrefu kidogo ili ziongeze petroli. Nyongeza hiyo huhesabiwa kwa asilimia, na mashine nzuri ya kupimia huionyesha katika mistari miwili, marekebisho ya muda mfupi na marekebisho ya muda mrefu. Katika injini yenye afya, namba hizo hucheza karibu na sifuri na kwa kawaida hazizidi asilimia 10 kwenda juu wala kwenda chini. Zikipanda hadi kama asilimia 20 au 25 na kubaki huko, kompyuta huona imeongeza vya kutosha na hali haijatengemaa, ndipo huandika P0171. Kwenye injini za V zenye pande mbili, upande wa pili una msimbo wake, P0174. Maana hii ni ileile kwa Toyota, Ford au Chevrolet, kwa kuwa misimbo ya aina hii iliwekwa kwenye utaratibu mmoja, ule ambao Marekani iliufanya wa lazima kwa magari madogo kuanzia yale ya mwaka 1996.

Wahenga walisema mjumbe hauawi, na sensa ya oksijeni hapa ndiye mjumbe. Ikiharibika yenyewe, kompyuta ina misimbo mingine ya kuitaja, kuanzia P0130 na kuendelea, na mara nyingi P0171 inapokuja peke yake, sensa imesema kweli. Zipo hali chache ambapo hudanganywa, kwa mfano ekzosi ikiwa na ufa kabla ya pale ilipofungwa, hewa ya nje ikavutwa ndani, au silinda moja ikiwa inamisi na kutoa oksijeni ambayo haikuungua. Hata hivyo, katika hali zote mbili sensa mpya itadanganywa vilevile kama ile ya zamani.

Fundi makini hutazama kwanza namba za marekebisho injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, kisha huipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, na ikiwezekana hulipeleka gari barabarani likiwa na mzigo. Ikiwa nyongeza ni kubwa kwenye sailensi halafu inashuka injini inapokimbia, mara nyingi kuna mahali hewa inaingia bila kupimwa, kama gasketi ya manifoldi iliyochoka au hozi ya vakyumu iliyopasuka, kwa sababu hewa hiyo kidogo huonekana nyingi pale injini inapovuta kidogo. Lakini ikiwa kwenye sailensi namba ni nzuri na zinaharibika kadiri dereva anavyokanyaga mafuta, basi washukiwa ni wawili. Ama sensa ya kupima hewa inasoma pungufu, pengine kwa uchafu, ama petroli haifiki ya kutosha. Katika pikapu ninazoziona zikitoka Kitonga zikilalamikiwa kukosa nguvu, mshukiwa huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika zaidi.

Sababu ya kusahaulika kwake inaeleweka. Katika injini nyingi za petroli ambazo nozeli zake hupuliza kwenye njia ya kuingizia hewa, hakuna sensa ya presha ya mafuta. Kompyuta huamini tu kwamba presha iko vile mtengenezaji alivyopanga, na kwa hiyo haiwezi kuandika kwamba presha imeshuka, ila huona matokeo yake na kuandika P0171. Presha yenyewe hutofautiana kwa kila gari. Nyingi zimepangiwa takriban bar 3 hadi 4, na zile Chevrolet Silverado za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zenye injini ya V8 ya lita 5.3 hutakiwa kuwa kati ya psi 55 na 62, yaani karibu bar 3.8 hadi 4.3. Kiasi kinachotoka kwenye nozeli hufuata kipeuo cha pili cha presha, maana yake presha ikianguka kutoka bar 3 hadi bar 2, mafuta hupungua kwa karibu asilimia 18, na kompyuta italazimika kuongeza muda wa nozeli kwa kama asilimia 22 ili kufidia. Linganisha namba hiyo na kikomo nilichokitaja hapo juu, utaona kwamba bar 1 tu inatosha kuiwasha taa.

Nitoe mfano mmoja. Ililetwa kwangu Hilux ya petroli ya injini 2.7, ya mfanyabiashara anayechukua nyanya Ilula na kurudi na bidhaa za duka. Gereji nyingine ilikuwa imeshabadilisha sensa ya oksijeni na plagi, na mwenye gari alikuwa ameambiwa sasa atafute pampu. Kwenye sailensi marekebisho yalikuwa chini ya asilimia 5. Tulipofunga geji ya presha kwenye bomba la mafuta, kwa kutumia kiungio cha njia tatu kwa kuwa gari hilo halina mdomo wa kupimia, ilisoma bar 3 bila kutetereka. Fundi mwenye haraka angeishia hapo na kusema presha ni nzuri. Tulilipandisha mlima likiwa na mzigo, hozi ya geji ikiwa imepitishwa nje na kufungwa mbele ya kioo mahali msaidizi anapoweza kuisoma, na mshale ulishuka taratibu hadi chini ya bar 2 huku nyongeza ya mafuta ikipita asilimia 20.

Hata hapo hatukununua pampu. Tulipima umeme kwenye soketi ya pampu injini ikiwa inafanya kazi, tukakuta volti 10.6, wakati kwenye betri zilikuwa 14. Soketi ilipofunguliwa juu ya tangi, plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka pini moja, pini yenyewe nyeusi na imelegea, na waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, uliounganishwa kwenye chesisi ulikuwa umefunikwa na udongo na kutu. Pampu ilikuwa nzima ila ilinyimwa umeme. Tuliweka soketi mpya, tukasafisha mahali pa ethi hadi chuma kikang'aa, na gari lilipopanda tena mlima uleule mshale ulibaki kwenye bar 3. Pampu mpya ingefungwa kwenye soketi ile, ingedhoofika kama ile ya zamani, na pengine lawama ingeangukia duka la spea kwamba linauza vitu bandia.

Hapa ningependa pia kuondoa dhana inayorudiwa sana huku nyanda za juu, kwamba P0171 huletwa na hewa nyepesi ya milimani. Hewa nyepesi ina oksijeni kidogo, kwa hiyo injini isiyoweza kujirekebisha ingezidiwa mafuta, wala isingepungukiwa. Na injini yenye sensa ya kupima uzito wa hewa hujirekebisha yenyewe. Gari linalokosa nguvu Kitonga huumbuliwa na mzigo na mwinuko, kwa sababu hapo ndipo injini inapodai petroli nyingi kuliko mahali pengine popote safarini.

Desturi nyingine inayoniumiza ni kufuta msimbo kabla ya kuandika chochote. Kompyuta inapoandika hitilafu huhifadhi pamoja nayo hali ya gari wakati ule: mwendo, mizunguko, joto la injini, mzigo na marekebisho ya mafuta. Huo ndio ushahidi wa kwanza kwa fundi, na kubonyeza kitufe cha kufuta kunauondoa wote pamoja na marekebisho ambayo injini ilikuwa imejifunza. Tena msimbo huu kwa kawaida huhitaji hitilafu ionekane katika safari mbili ndipo taa iwake, ndiyo maana mteja huondoka gereji akidhani amepona. Wakati huo anaendesha na mzigo, mafuta pungufu, joto la silinda liko juu, na akiendelea hivyo ni vali za ekzosi na pistoni zinazolipa.

Wenye magari nao wana sehemu yao. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka, na anayetembea kila siku taa ya mafuta ikiwa imewaka anaichosha. Petroli ya madumu, inayonunuliwa vijijini ambako vituo ni vichache, huingiza mchanga na maji vinavyoziba chujio dogo lililo kwenye mdomo wa pampu, na chujio hilo likiziba, geji itaonyesha tabia ileile niliyoieleza, presha nzuri kwenye sailensi na kuanguka mlimani. Kwa hiyo chujio litazamwe kabla pampu haijahukumiwa.

Niseme kwa ufupi kwamba niliyoyaeleza hayahusu dizeli za kisasa. Hizo zina sensa ya presha kwenye reli, yaani bomba linalogawa mafuta kwa nozeli, zinaweza kuandika P0087, msimbo wa presha iliyoshuka, moja kwa moja, na presha yake hupita bar 1,000. Mtu asithubutu kulegeza bomba la reli injini ikiwa inazunguka, maana mafuta ya presha hiyo hupenya ngozi. Kwenye petroli pia, anayefunga geji aondoe presha kwanza, awe na kizima moto karibu, na asikubali tone livujie kwenye ekzosi ya moto.

Geji ya presha na mita ya umeme ni vifaa vya bei ndogo vikilinganishwa na mashine za kusoma misimbo ambazo gereji nyingi sasa zinazo. Naviomba vyuo vya ufundi vya VETA na mafundi wanaofundisha vijana kazini wasimruhusu mwanafunzi kutamka jina la spea kabla hajaandika namba nne: marekebisho kwenye sailensi, marekebisho kwenye mzigo, presha kwenye mzigo, na volti kwenye soketi ya pampu. Na mwenye gari anayepewa karatasi ya kwenda dukani aombe namba hizo ziandikwe juu yake. Kama fundi hana, bado hajapima.

Fundi wa magari,
Iringa