Mama mdogo, kwa nini nasoma habari za zimwi anayeuza kahawa

Mama mdogo, jambo. Natumaini huko Bagira mko salama na mvua haijawasumbua sana. Hapa Nguba tupo, tunamshukuru Mungu.

Ulikikuta kitabu changu mezani, ukasoma maneno ya nyuma, ukaniuliza maswali mawili kwa mkupuo. La kwanza: mji wetu wa Bukavu ukiwa katika hali hii, mtu mzima anapata wapi moyo wa kusoma hadithi za mazimwi na kahawa? La pili: na kwa nini wapenzi wenyewe ni wanawake wawili? Ulikuwa unakimbilia mazoezi ya kwaya, nami sikutaka kukujibu nusu nusu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu maswali hayo nimeyasikia kwa watu wengi wa rika lako. Tena nawajua vijana wa mji huu wanaosoma vitabu hivi kwenye simu usiku, mwanga wameupunguza, na sijasikia mtu akisimama kuwatetea.

Nianze na hadithi yenyewe, maana wewe uliona jalada tu. Viv ni zimwi jike, mkubwa wa mwili, ambaye kwa miaka mingi ameishi kwa upanga. Amechoka kuua. Anaingia mji uitwao Thune, ananunua banda kuukuu la farasi, analigeuza kuwa duka la kahawa katika mji ambao watu hawajui kahawa ni kitu gani. Anampata fundi seremala asiyependa maneno mengi, anampata mtu-panya mwenye mkono wa kuoka, anampata Tandri, mwanamke mwenye damu ya kijini, anayemsaidia kuendesha duka. Basi. Hakuna ufalme wa kuokoa wala mfalme wa giza. Unafungua ukurasa unaofuata kwa sababu unataka kujua kama tanuri litafika, na kama wateja wa jana watarudi kesho. Kitabu kinaitwa Legends & Lattes, kimeandikwa na Travis Baldree wa Marekani, mtu ambaye kazi yake ni kusoma vitabu vya wenzake kwa sauti ili virekodiwe. Alikitoa mwenyewe mwanzoni mwa 2022 bila mchapishaji, na kabla mwaka haujaisha mchapishaji mkubwa alikuwa amekichukua. Baada yake vitabu vya namna hii vimemwagika: fantasia za utulivu, yaani hadithi tulivu za dunia za kubuni: duka la chai, maktaba, shamba la dawa, na mara nyingi sana ndani yake wanapendana mwanamume na mwanamume, au mwanamke na mwanamke.

Kuna sehemu moja nataka uisome hata kama mengine utayaacha. Thune ina wakubwa wake wa chini kwa chini. Watu wao wanapita dukani kudai fedha ya ulinzi, na asiyelipa anajua kitakachompata. Mama mdogo, sisi hatuhitaji kuelezwa jambo hilo. Tunaijua kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti, kijana amekaa kwenye jiwe na bunduki mapajani, gunia la makaa linalotoka Kabare likilipa hapa, likilipa pale, mpaka linafika soko la Kadutu bei yake imeshakuwa nyingine. Viv anao upanga wake, ameutundika ukutani. Msomaji anajiandaa kwa damu. Badala yake Viv anakwenda kuonana na mkubwa wao, naye ni mwanamke, wanaketi, wanazungumza, na mwisho wa mazungumzo malipo yamekuwa mikate ya mdalasini, ipelekwe kwake kila wiki.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikakifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda. Najua vizuri kwamba mkate hautaondoa hata bariyeri moja kwenye barabara ya Kavumu. Lakini tangu Februari 2025, mji ulipobadilisha mikono kwa vita na benki zikafunga milango, kila jibu tunaloambiwa kuhusu kila jambo ni bunduki: ya huyu au ya yule. Jioni ile kichwa changu kilifuata jibu la namna nyingine tangu mwanzo hadi mwisho, hatua kwa hatua, na kikaliona linawezekana angalau mahali fulani. Hicho ndicho ninachokitafuta humo. Amani tunayosikia kwenye hotuba haina kiti wala sufuria. Katika vitabu hivi ina bawaba za mlango, ina bei ya unga, ina mtu anayekasirika kwa sababu mwenzake kaacha vikombe vichafu.

Na kuhusu kahawa nina neno langu. Viv anaagiza kahawa yake kutoka mbali, inamfikia kwenye magunia, imekwisha. Nani aliichuma? Kitabu hakisemi, na mimi mjukuu wa watu wa Kalehe liliniuma. Wewe ulilelewa chini ya miti ile ya kahawa. Unakumbuka habari za wanaume waliopakia magunia kwenye mitumbwi usiku ili wavuke ziwa Kivu wakauze Rwanda, kwa kuwa upande huu bei na ushuru havikumwachia mkulima kitu, na wengine hawakurudi kwa sababu ziwa liliwameza. Arabika ya Kivu inasifiwa Ulaya na Marekani, sisi wenyewe asubuhi tunakunywa chai. Kwa hiyo sivisomi vitabu hivi nikiwa nimefumba macho. Vingine ni sukari tupu, keki juu ya keki, watu wote wema tangu ukurasa wa kwanza, na hivyo naviacha njiani. Ninavyovipenda ni vile ambavyo mtu anaingia na uchovu wake. Viv anajenga duka kwa mikono iliyoua, na kitabu hakimruhusu kusahau.

Sasa swali lako la pili, ambalo najua ndilo hasa lililokukaa.

Unajua dunia inavyotujua sisi watu wa Bukavu. Daktari Mukwege, anayewatibu wanawake waliobakwa vitani, alipopewa Nobel ya Amani mwaka 2018 tulishangilia, na alistahili. Lakini mgeni akifika hapa na daftari lake, anauliza habari za kidonda. Hakuulizi Kadutu siku ya soko kunanukia nini. Hakuulizi kwa nini wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wanaimba wakitoka jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na zile nguzo ndefu zimesimama kama pembe. Anataka umwoneshe kovu, na ukimwambia kwamba jana ulicheka mpaka mbavu zikauma, kalamu inasimama. Mara ngapi umenilalamikia wewe mwenyewe juu ya jambo hilo!

Wanawake wawili wanaopendana wanajulikana hivyo hivyo. Kumbuka filamu tulizoangalia nyumbani kwako. Wakitokea watu wa namna hiyo, mmoja atakufa au ataombewa mpaka aanguke sakafuni akitoa povu, au wamewekwa tu ili watu wacheke. Hata vitabu vya Wazungu vilivyowaonea huruma, kwa miaka mingi vilimzika mmoja kabla ya ukurasa wa mwisho. Msomaji mwenye moyo huo anafungua kila kitabu akiwa tayari kwa msiba. Sasa mpe hadithi ya Thune. Hakuna mtu mjini mle anayemuuliza Viv kwa nini mwanamke. Ubaguzi upo, lakini unamwangukia Tandri kwa sababu ya ukoo wake. Watu wanaamini kila mwenye damu ya aina yake ni mtego wa kunasa wanaume, na kuna mwanafunzi mmoja anayemfuatafuata bila kukubali kuambiwa hapana. Tandri amechoka kuhukumiwa kabla hajafungua mdomo. Viv naye, zimwi, anaufahamu uchovu huo. Hapo ndipo wanapokutana.

Na mapenzi yenyewe yanaota ndani ya kazi. Tandri anachora bango la duka, anafikiria maneno ya kuvutia wateja. Viv anabeba mbao. Mmoja anagundua kwamba mwenzake hajala. Duka linateketea kwa moto, na asubuhi yake, kwenye majivu, unaona nani amebaki kusimama na nani. Busu linakuja karibu na mwisho na halielezwi kwa maneno mengi. Mama mdogo, wewe na marehemu baba mdogo mlianza hivyo: ulikuwa unauza vitenge, yeye akakutengenezea meza. Hadithi hiyo umetusimulia tukiwa watoto, na hukuwahi kuona haya.

Utaniambia Katiba inasema. Kweli inasema. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kufunga ndoa na amtakaye, wa jinsia tofauti na yake. Nimekisoma. Lakini geuza macho kidogo, soma cha 41 kinachofuata. Humo wameandika kwamba kumsingizia mtoto uchawi ni marufuku na sheria inaadhibu. Kwa nini ilibidi taifa zima liandike jambo hilo katika Katiba yake? Kwa sababu watoto walikuwa wakifukuzwa, wakipigwa, wakilazwa njaa kwa jina la maombi, na waliowafanyia hivyo walikuwa na uhakika kamili kwamba wanasafisha nyumba zao.

Wewe hukungoja Katiba. Yule mtoto aliyefukuzwa kwao kwa sababu mtu wa maombi alitamka kwamba ndiye aliyemla baba yake, ulimwogesha, ukampa sahani ya bugali na sombe, ukamlaza kitanda kimoja na sisi. Majirani waliacha kukopa chumvi kwako. Kwaya ilinong'ona. Ulimpeleka shule.

Ndiyo maana kitabu cha kwanza nitakachokuletea si cha Viv. Ni The House in the Cerulean Sea cha TJ Klune, cha mwaka 2020, na kipo kwa Kifaransa. Linus Baker ana miaka 40, anafanya kazi ofisi ya serikali inayosimamia watoto wenye nguvu za ajabu, anaishi na paka wake, anafuata kanuni mpaka basi. Anatumwa kisiwani kukagua nyumba ya yatima sita ambao watu wa kijiji cha jirani wanawaogopa. Mmoja ana miaka sita na inasemwa ni mwana wa Ibilisi mwenyewe. Mwingine, kiumbe laini wa kijani ambaye hakuna anayejua ni wa jinsi gani, ndoto yake yote duniani ni kubeba mizigo ya wageni hotelini. Anayewalea anaitwa Arthur. Linus anakwenda na fomu zake, na taratibu anaacha kuandika anachoambiwa aone. Mapenzi yake na Arthur yanakua humo humo, mezani na watoto, katikati ya kelele. Ukiwatoa watoto, mapenzi hayo hayasimami. Ukiyatoa mapenzi hayo, watoto wale wanabaki bila baba wawili walio tayari kusimama mlangoni dhidi ya kijiji.

Wengine wanasema fantasia ni jambo la kuletwa. Koko, mama yenu, hakuwaambia habari za Lyangombe, yule mkuu wa mizimu wa imani za kale? Wazee wa Bushi na wa Rwanda walisimulia kwamba wafuasi wake wakifa wanapanda mlima Karisimbi, wanakaa naye wanakunywa na kuvuta kiko bila wasiwasi, na wasiofuata wanaishia kwenye moto wa Nyiragongo. Najua kanisani hupendi jina hilo litajwe. Nalitaja kwa sababu moja: watu wetu, walioishi chini ya milima inayotema moto, walipowaza mahali pa furaha kuu waliwaza mahali pa kukaa na wenzao, kibuyu kikizunguka. Natamani mtu aandike kitabu cha namna hii juu ya ziwa letu: kijumba kisiwani Idjwi, mwenye nyumba hana haraka, kahawa inachomwa kwenye chungu na jina la aliyeichuma linajulikana, na wanaokaa humo wapendane watakavyo bila mmoja wao kuzikwa mwishoni. Ningekinunua kwa bei yoyote.

Swali la tatu, lile uliloniuliza kwa macho tu ulipokuwa unafunga kitambaa chako, sitalijibu hapa. Hilo ni letu sisi wawili, na mji wetu kwa sasa si wa kuandika kila kitu.

Jumapili baada ya misa nitapanda Bagira na kitabu cha Linus. Miwani yako ikisumbua nitakusomea mwenyewe, nikitia Kiswahili papo hapo, sambaza zikiwa jikoni. Tukifika mahali patakapokukasirisha, kasirika, nitakusikiliza mpaka umalize. Ninachokuomba ni kimoja: usikiweke chini kabla hujawafahamu watoto wote sita.

Wako, mtoto wa dada yako