Kabla hujasaini hiyo karatasi

Kimara, Dar es Salaam
Jumanne, saa nne asubuhi

Somo yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nasuuza nguo. Nikaona hili nikuandikie, ulisome tena jioni ukiwa na shemeji, kabla hujamrudishia meneja wako hiyo karatasi ya kukubali kufanya kazi siku nne ndefu kwa wiki. Huku hatujambo. Mama mguu umepungua uvimbe, anakusalimu sana.

Unataka kujua kama hizo siku nne ni neema au mtego. Mimi na ukeshia wangu, huu ni mwezi wa tano tangu nizianze. Zamani nilikuwa naingia siku sita, masaa saba na nusu ukitoa ya chakula, jumla 45 kwa wiki. Sasa naingia Ijumaa mpaka Jumatatu, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, mshahara uleule. Nauli ya siku mbili inabaki kwenye pochi, ingawa wewe uliyewahi kugombania mwendokasi hapa Kimara asubuhi unajua kwamba nilichookoa hasa ni mbavu.

Wenzangu wengine walidhani ni ujanja wa tajiri. Siyo. Kitu hiki kimo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 21. Nilikisoma mwenyewe kwenye nakala ya mwakilishi wetu wa TUICO, chama chetu cha wafanyakazi. Mkikubaliana kwa maandishi, mtu anaweza kufanya kazi mpaka masaa 12 kwa siku bila ovataimu, na humo saa ya chakula imo. Ila wiki isizidi siku tano, wala masaa 45 ya kawaida, na ovataimu isipite masaa 10. Kumi na mbili toa moja ya chakula ni 11, mara siku nne ni 44. Hapo mko salama.

Balaa ni hiyo siku ya tano. Karatasi yetu iliandikwa "siku zisizozidi tano", na sisi kwa furaha ya kusikia nne hatukuiona tano. Ilipofika wiki ya kuhesabu mali stoo, tukaitwa Jumanne. Arobaini na nne ongeza 11 ni 55, maana yake masaa 10 ni ya ovataimu, yanalipwa mara moja na nusu. Mwisho wa mwezi nafungua slipu, hola. Kuuliza, tunaambiwa "si mmesaini wenyewe?" Tulisaini siku, somo, hatukusaini bure. Mwakilishi alikwenda ofisini mara tatu ndipo tukalipwa, mwezi uliofuata. Kwa hiyo wewe dai iandikwe "siku nne", na majina ya siku zenyewe yawekwe, usije ukawa unapigiwa simu Jumapili usiku kuambiwa kesho ni zamu yako.

Halafu kuna hesabu ya jioni. Saa mbili mlango unashushwa, lakini droo yako bado. Utoe ripoti ya Z, ile ya mauzo ya siku nzima, uhesabu noti, uhesabu sarafu, ukikuta shoti uanze upya. Nusu saa imekwenda, na hiyo nusu saa kisheria haina hata pa kuingia, kwa sababu masaa 12 kwa siku ndiyo mwisho, hata kwa ovataimu. Tena unatakiwa upumzike masaa 12 mfululizo kabla hujarudi. Ukitoka saa mbili na nusu usiku, unaingiaje saa mbili asubuhi? Kwetu tulibishana mpaka keshia wa zamu ndefu akaruhusiwa kufunga droo saa moja na nusu. Hili liseme mapema, usisubiri mzoee kubaki baada ya saa.

Sasa miguu. Masaa manane ya mwanzo utajiona shujaa. Kuanzia la tisa ndipo utakapoijua sakafu ya vigae. Jumamosi moja, saa kumi na mbili na nusu jioni, foleni imefika kwenye friji za maziwa, mama mmoja kanipa elfu kumi kwa unga na mafuta, nikamrudishia chenji kana kwamba kanipa elfu ishirini. Alitoka, akafika mlangoni, akahesabu, akarudi. Akaniwekea ile elfu kumi ya ziada mbele yangu, akasema, "Dada, umechoka." Angekuwa mwingine ningeilipa mimi. Siku hizi tuna stuli moja kwa kaunta nne, tunapokezana. Nyie ombeni nne.

Kikoba cha Jumapili nimeshapigwa faini mpaka nikahamia cha Jumatano. Harusi ndiyo basi tena, natuma mchango tu.

Lakini lililoniumiza sikulitegemea. Siku zangu nne ndefu, dada wa kazi naye alikuwa anazifanya, tena ndefu kuliko zangu: anaamka nikiondoka saa kumi na moja alfajiri, anafunga mlango nikirudi saa tatu na nusu usiku. Mimi niliitiwa karatasi, yeye hakuna aliyemuuliza, na aliyetakiwa kumuuliza ni mimi. Wiki ya tatu akaniambia, huku anaangalia chini, "Mama, hizo siku zako tatu na mimi napumzika?" Nilikosa pa kuficha uso.

Kwa upande wangu nisingerudi kwenye siku sita. Jana usiku mtoto nilimkuta kalala, leo nimempeleka shule mwenyewe, njia nzima ananisimulia habari za kuku wa jirani. Saini, ila baada ya kuandikiwa hayo.

Nakatisha hapa. Dada nimempa Jumanne na Jumatano, yuko kwao Mbezi, na maharage bado hata hayajaiva, mtoto anatoka shule saa sita. Ukishaongea na meneja nipigie, lakini usinipigie Ijumaa.

Ni mimi,
somo yako