Risala ya Klabu ya Uchumi kwa Mgeni Rasmi Siku ya Taaluma: UVIKO-19, Uchumi wa Dunia na Sisi wa Chini ya Mlima

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Uchumi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli nyingi za wilaya na kupanda hadi huku Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, kuungana nasi katika Siku ya Taaluma. Mwaka huu klabu yetu ilijipa kazi ya kuchunguza jinsi janga la UVIKO-19 lilivyoenea na jinsi lilivyoutikisa uchumi wa dunia. Tulichagua mada hii kwa sababu chumba tulichokualika kukikagua asubuhi hii kilijengwa kwa fedha zilizopatikana kutokana na janga hilo, na wengi wetu tulikuwa tumekikalia bila kujiuliza fedha zenyewe zilitoka wapi na nani atazilipa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, taarifa za homa ya mapafu isiyojulikana chanzo chake zilianza kutoka katika jiji la Wuhan, nchini China, mwishoni mwa Desemba 2019. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani likautangaza ugonjwa huo kuwa janga la dunia, na siku tano baadaye Waziri wa Afya wa wakati huo, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza nchini mwetu, msafiri aliyeingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA). Ugonjwa ulikuwa umetumia njia zile zile za biashara na utalii, kwa kasi ile ile ya ndege za abiria, na ndiyo maana maeneo yanayoishi kwa kupokea wageni yalipata wagonjwa mapema na kupoteza riziki mapema.

Katika masomo yetu tumezoea kuona uchumi ukiyumba upande mmoja, ama bidhaa zimeadimika ama wanunuzi wamepungua. Safari hii pande zote mbili zilibanwa kwa pamoja. Wuhan ilipofungwa tarehe 23 Januari 2020 na viwanda vingi vya China kusimama, wafanyabiashara wa Kariakoo waliozoea kufuata mzigo Guangzhou walikwama, na muda si mrefu mamilioni ya wateja katika Ulaya na Marekani nao walikuwa wamefungiwa majumbani, hawasafiri wala hawali hotelini. Tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mafuta ghafi ya Marekani, kwa mikataba ya mwezi Mei, ilishuka hadi dola 37 chini ya sifuri kwa pipa, maana yake mwenye mkataba alikuwa tayari kumlipa mtu ayachukue mafuta kwa kuwa matangi ya kuyahifadhi yalikuwa yanakaribia kujaa. Mwalimu wetu alipotueleza jambo hilo hatukumwamini, mpaka alipochora mistari ya ugavi na mahitaji ubaoni na sehemu ya kukutania ikaangukia chini ya mhimili, jambo ambalo hakuna kitabu chetu cha kiada kilichotuandaa kuliona.

Uchumi wa dunia kwa mwaka huo ulisinyaa kwa takriban asilimia 3. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba saa za kazi zilizopotea zilikuwa sawa na ajira milioni 255 za kutwa nzima. Hata biashara ilipoanza kufufuka, bandari na meli hazikuweza kuimudu, na wastani wa gharama ya kusafirisha kontena la futi 40 katika njia kuu za meli, uliokuwa chini ya dola 2,000 kabla ya janga, ulivuka dola 10,000 mwezi Septemba 2021. Gharama hiyo ilimfikia kila anayenunua kitu kilichovuka bahari, iwe bati, kipuri cha pikipiki au simu.

Lakini uchunguzi wetu ulikaa zaidi hapa nyumbani. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 na mwaka 2020 ikapokea 620,867. Serikali ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa mwezi Aprili na kuziruhusu tena tarehe 18 Mei 2020, mapema kuliko majirani wengi, ila kufungua anga ni jambo moja na mgeni kuwa na nafasi ya kutoka kwao ni jambo jingine. Wanachama wa klabu waliwatembelea wazazi wanaofanya kazi ya kubeba mizigo mlimani, wale ambao sote tunawaita wagumu. Mmoja wao, ambaye ametuomba tusimtaje jina, alituambia kwamba viatu vyake vya mlima alivinunua mtumba pale soko la Memorial, Moshi, na miezi michache baada ya wageni kukatika alivirudisha pale pale Memorial kuviuza, akifuatisha na jaketi na mfuko wa kulalia, na kwamba bei ilikuwa ya kutupa kwa sababu wagumu wengine walikuwa wamepanga viatu vyao kando ya vyake. Mtu huyu hakuachishwa kazi, kwa kuwa hakuwahi kuwa na mkataba. Alikuwa akilipwa kwa safari pamoja na bakshishi, na safari zilipokoma hapakuwa na barua, kiinua mgongo wala mahali pa kuandikwa kwamba amepoteza ajira. Tunaamini watu wa namna yake ni wengi kuliko takwimu zinavyoweza kuonyesha. Nyuma yake alikuwapo mama aliyekuwa akipeleka maziwa na mayai kwenye hoteli za wageni, na nyuma ya mama huyo ada na sare za wanafunzi ambao baadhi yao wamekaa mbele yako leo.

Kwa heshima kubwa tuongeze jambo moja. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kuanzia Mei 2020, takwimu za wagonjwa nchini hazikutolewa kwa umma. Zipo sababu zilizotajwa wakati ule, na sisi si wataalamu wa afya, lakini mtalii anayepanga safari yake akiwa mbali huamua kwa taarifa alizonazo, na anapozikosa huchagua kwingine au husubiri. Tumeona ni haki kulisema hili katika risala inayohusu uchumi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mataifa hayakuingia katika janga hili yakiwa na mifuko sawa. Marekani peke yake ilipitisha mpango wa dola trilioni 2.2 mwezi Machi 2020 kuwasaidia wananchi na kampuni zake. Shirika la Fedha la Kimataifa lilipogawa akiba ya dola bilioni 650 mwezi Agosti 2021, Afrika nzima ilipata takriban bilioni 33, kwa kuwa mgawo hufuata hisa za kila nchi ndani ya shirika na si ukubwa wa shida yake. Jirani zetu Zambia walishindwa kulipa deni la nje Novemba 2020. Chanjo nazo zilifuata mkondo huo huo: Uingereza ilianza kuchanja Desemba 2020, na dozi za kwanza za COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, zaidi ya milioni moja, zilitufikia sisi Julai 2021.

Ni katika mazingira hayo ndipo nchi yetu ilipochukua mkopo wa dola milioni 567 kutoka Shirika hilo la Fedha mwezi Septemba 2021. Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alizindua matumizi ya fedha hizo, shilingi trilioni 1.3, jijini Dodoma mwezi uliofuata, na humo ndimo yalimotoka madarasa 15,000, ambayo 12,000 kati yake ni ya sekondari, kila moja kwa shilingi milioni 20. Kidato cha kwanza cha Januari 2022 kiliingia chote kwa mkupuo mmoja bila kusubiri awamu ya pili. Tunashukuru kwa dhati, na hatuoni aibu kusema kwamba dirisha, dawati na sakafu ya chumba kile ni deni. Sehemu ya mkopo haina riba na inalipwa ndani ya miaka kumi; sehemu nyingine ina riba na muda wake hauzidi miaka mitano. Walipaji ni walipakodi, na kabla ya miaka kumi hiyo kwisha wengi wetu tutakuwa tumeingia katika orodha hiyo.

Kwa kuwa mada hii imetufikisha kwa wazazi wetu wenyewe, tuna maombi mawili. La kwanza, ofisi yako iwaalike maofisa wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) wafike kwenye lango la Marangu na malango mengine ya mlima, wawaandikishe wagumu katika utaratibu wa kuchangia kwa hiari, na waje siku wanaposubiri kupangiwa safari, kwa maana siku nyingine huwa wako juu. Utalii umerudi, watalii 1,808,205 waliingia mwaka 2023, na kuchangia ni rahisi wakati safari zipo. La pili, klabu yetu inahitaji kompyuta mbili na intaneti ili tuweze kusoma taarifa za Benki Kuu na za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zinapotoka. Hadi sasa tunategemea simu ya mwalimu mlezi, naye bando analinunua kwa fedha yake.

Ripoti kamili ya uchunguzi wetu, yenye majedwali na maelezo ya wazazi waliokubali kuhojiwa, tutakukabidhi baada ya risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.