Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Malindi

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe. Madereva wa lori, matatu na tuktuk, wenye magari, makanga na matanboi wasaidizi wa madereva wa lori, karibuni nyote. Kwanza tuwaombee wenzetu waliotangulia mbele ya haki tangu mkutano uliopita.

Hesabu mtasomewa na mhazini. Suala la kiwanja cha kuegeshea bado halijaisha na katibu atalieleza. Mimi muda wangu nautumia kwa jambo moja: kile ambacho dereva hakioni.

Mnaikumbuka asubuhi ile ya sokoni. Lori la mwenzetu lilikuwa likirudi nyuma ili lishushe mahindi. Dereva alitazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, akaona peupe. Kumbe nyuma kabisa, katikati ya bodi, mama muuza maembe alikuwa ameinama akiokota maembe yaliyomwagika. Kijana wa mkokoteni akapiga bodi kwa kiganja, akapiga tena, lori likasimama. Nilipofika nilikuta ndoo ya yule mama imebanwa chini ya tairi, imepasuka, maji ya embe yanachuruzika kwenye vumbi. Dereva wetu, mtu wa miaka mingi barabarani, alikuwa amekaa chini anatetemeka. Aliniambia, "Mwenyekiti, wallahi nilitazama."

Namwamini. Ndiyo maana tukafanya zoezi la chokaa. Tuliegesha lori uwanjani, kila dereva akapanda kitini kwa zamu, wenzake wakalizunguka taratibu. Aliposema "nimekupoteza," hapo chini tukamwaga chokaa. Mbele chini ya pua, chokaa. Nyuma, chokaa upana wote wa bodi na kwenda mbali. Lakini upande wa kushoto ndio uliotunyamazisha. Hapa Kenya dereva hukaa kulia, kwa hiyo ubavu wa kushoto uko mbali na jicho lake, na mlango mrefu wa lori unamziba. Bodaboda na abiria wake walisimama ndani ya chokaa, na dereva juu akawa anauliza, "Mko wapi?" Vijana wakapaita mahali hapo "kivulini," na jina limeshika.

Upande huohuo ndiko boda na tuktuk hupenda kupenya lori linapokata kushoto. Tairi za nyuma hazifuati alama za tairi za mbele. Hukata kona kwa ndani. Aliyekuwa na nafasi ya kutosha mwanzo wa kona hujikuta hana pa kukimbilia. Nawasihi wa magurudumu mawili na matatu: kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Kuhusu vioo vyenyewe. Kioo cha ubavu kwa kawaida kimebinuka ili kionyeshe eneo kubwa, na kwa sababu hiyo kila kitu ndani yake huonekana kidogo na mbali kuliko kilivyo. Wenye magari madogo, mhandisi Mmarekani George Platzer alieleza mwaka 1995 jinsi ya kupunguza kivuli: vioo vya ubavu vifunguliwe nje zaidi. Kwa gari la huku, egemeza kichwa dirisha la kulia, fungua kioo cha kulia mpaka uone ukingo tu wa gari lako. Kisha inamia katikati ya gari, ufanye vivyo hivyo kwa cha kushoto. Hata hivyo geuza shingo kabla ya kuhama njia. Kwa kilomita 50 kwa saa gari hula kama mita 14 kila sekunde, basi jicho liende na kurudi upesi, na nafasi ya mbele iwe imeshaachwa.

Wenzetu wanaobeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni, vioo vyenu vinaliwa. Nimevikagua: vina madoa meusi pembeni, vingine vimefungwa kwa mpira. Kioo kipya ni ghali, lakini si ghali kama mtoto wa mtu. Na matatu zenye kioo kidogo kule juu nyuma, kilichowekwa ili dereva aone chini ya mlango wa nyuma, mbona mmebandika stika dirisha zima? Zitoke. Hili sitalilegeza.

Kamati inaomba mpitishe leo: lori lisirudi nyuma bila tanboi kushuka na kusimama dereva anapomwona, tanboi akitoweka kiooni, lori lisimame. Na kabla ya kuwasha gari asubuhi, dereva alizunguke kwa miguu, afute vioo.

Zoezi la chokaa tutalirudia Jumamosi ijayo, mara hii na madereva wa tuktuk wapande wao kwenye kiti cha lori. Mama wa maembe amekubali kuja. Chokaa ipo, mwenye lori la tela anione tukimaliza.