Wajawazito wenye pumu wasiambiwe waache dawa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya afya ya Jumamosi iliyopita iliwataka wajawazito wakae mbali na dawa za kila aina hadi watakapojifungua. Sina shaka mwandishi alikuwa na nia njema. Aliwalenga wale wanaojinunulia dawa za maumivu na viuavijasumu dukani kama wanaonunua karanga. Lakini mimi nina pumu tangu utotoni, nimezaa watoto wawili hapa Moshi, na ushauri huo nimeusikia kwa wifi, kwa jirani, kwa muuzaji wa duka la dawa, na safari moja kwa mhudumu wa kliniki ambaye angepaswa kujua zaidi. Kwa mwanamke mwenye pumu ni ushauri wa hatari, na gazeti likiuchapa unapata nguvu kuliko ukitoka kwa wifi.

Mtoto aliye tumboni havuti hewa yake mwenyewe. Oksijeni yote anaipata kwenye damu ya mama, kupitia kondo la nyuma. Mama akibanwa na kifua hadi akakosa hewa, mtoto naye anapungukiwa. Pumu isiyodhibitiwa wakati wa ujauzito imehusishwa na watoto kuzaliwa njiti, kuzaliwa na uzito mdogo, na mama kupata lile shinikizo la damu linaloweza kufikia kifafa cha mimba. Kwa upande mwingine, dawa za kuvuta zimetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi: salbutamoli inayofungua njia za hewa, na zile za kukinga kama beklometasoni na budesonidi zinazotuliza uvimbe ndani ya mirija. Dawa inakwenda moja kwa moja kifuani, kinachoingia kwenye damu ni kidogo, na madaktari wanashauri mama aendelee nazo akiwa mjamzito na akiwa ananyonyesha. Ukizipima hatari hizi mbili, ya kuacha dawa ndiyo nzito.

Kuna jambo jingine linalowapoteza wengi. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya wajawazito wenye pumu, theluthi hivi huzidiwa, theluthi hupata nafuu, na waliobaki hukaa walivyokuwa. Anayezidiwa mara nyingi huzidiwa kati ya mwezi wa sita na wa nane wa mimba, na hapo ndipo tumbo limeshakuwa kubwa na kila mtu anakwambia kuhema ni kawaida ya mimba. Ni kweli mjamzito huhema kidogo hata akiwa mzima, kwa sababu homoni za mimba zinamsukuma avute pumzi zaidi. Lakini kukohoa usiku wa manane, kifua kubana na kutoa mlio wa filimbi, hiyo si mimba. Na ukiona inhela ya bluu, yaani ile ya salbutamoli, inakupa nafuu ya muda mfupi tu halafu unaitafuta tena, au unashindwa kumaliza sentensi bila kupumzika, nenda hospitali usiku huohuo.

Niseme neno kuhusu hiyo ya bluu. Mitaani kwetu wengi wanaijua hiyo peke yake, au vidonge vya salbutamoli kwa kuwa ni bei rahisi. Inafungua kifua lakini haitibu uvimbe. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaojulikana kama GINA, hautaki tena mtu mzima atibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake. Mjamzito anahitaji ile ya kukinga kuliko mtu yeyote, na ndiyo ya kwanza anayoiacha, kwa sababu akiivuta haoni nafuu ya papo hapo.

Sasa kliniki. Hudhurio la kwanza nilipimwa presha, wingi wa damu, mkojo, VVU, kaswende na malaria, yote yakaandikwa kwenye kadi. Kifua hakuna aliyekiuliza mpaka niliposema mwenyewe. Muuguzi mmoja, na Mungu ambariki, akachukua kalamu nyekundu akaandika PUMU juu ya jalada la kadi. Wakati ule niliona ni jambo dogo. Usiku wa kujifungua mtoto wa pili nilitokwa na damu nyingi, na mkunga wa zamu alilisoma neno lile kabla hajachagua dawa ya kunichoma.

Wasomaji wengi hawajui kwa nini hilo ni kubwa. Oksitosini, ambayo ndiyo dawa ya kwanza ya kuzuia damu baada ya kujifungua, haina tatizo kwetu. Lakini kaboprosti, ambayo nayo hutumika damu ikikataa kukata, inaweza kubana mirija ya hewa, na mwenye pumu hapewi. Ergometrini nayo inataka tahadhari. Presha ikipanda, labetaloli inayofaa kwa wajawazito wengine inaweza kumfunga kifua mwenye pumu, wakati metildopa na nifedipini zipo. Hata diklofenaki anayochomwa mama baada ya upasuaji, baadhi ya wenye pumu inawaamsha shambulio, sawa na aspirini. Mkunga aliyekesha na wazazi wengi wodini hawezi kuyakisia haya kwa kukutazama usoni. Ni swali moja tu hudhurio la kwanza, na neno moja kwenye kadi. Nawaomba waganga wakuu wa wilaya za Kilimanjaro na Arusha walisimamie hilo, halihitaji bajeti.

Halafu mama anarudi nyumbani. Sisi Wachaga mzazi tunamtunza kwelikweli. Anakaa ndani, analetewa mtori, supu na maziwa ya moto, na moto hauzimwi. Moto wenyewe ni wa kuni, mara nyingi jikoni palepale karibu na chumba alicholala. Nilimwambia mama mkwe wangu, kwa heshima zote, "Mama, moshi huu unanibana kifua." Akanijibu, "Mwanangu, sisi wote tumezalia motoni." Sikubishana naye, maana ule mtori wake sijawahi kuupata kwingine. Mume wangu ndiye aliyehamishia mafiga kwenye kibanda cha uani, mama akaendelea kupika kama kawaida yake. Akina baba mnaosoma gazeti hili, kazi hiyo ni yenu. Mke aliyejifungua juzi hawezi kugombana na mama mkwe juu ya jiko lake.

Na moshi huo haumwandami mama peke yake. Ni moja ya visababishi vikubwa vya nimonia kwa watoto wadogo, na kichanga analala humohumo. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wafikie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni vizuri, lakini mzazi wa mwaka huu hawezi kusubiri. Mimi napendekeza kitu kidogo: tunapokwenda kuona mtoto tunabeba khanga, beseni na sabuni, mpaka mama anakosa pa kuziweka. Mashoga watano wakichanga fedha hizo, mtungi mdogo wa gesi unajazwa na kuvusha sehemu nzuri ya uzazi.

Mhariri, makala ile ilichukua ukurasa mzima. Siombi ukurasa. Naomba toleo lijalo mchape, mahali palepale, mistari michache ya daktari wa wanawake kutoka hospitali ya KCMC au ya Mawenzi, akieleza ni dawa zipi mwenye pumu, mwenye kisukari na mwenye kifafa hawapaswi kuziacha bila kuonana na daktari. Najua kuna aliyeisoma ile ya Jumamosi akaiweka inhela yake kabatini, na huyo hatasoma barua za wasomaji.

Mama wa watoto wawili,
Pasua, Moshi